Kujitazama na Kusema Kweli: Niliyojifunza Nikifundisha Darasa la Pili katika Shule ya Kikatoliki

Mzazi anayemleta mtoto wake darasa la pili katika shule ya msingi ya Kikatoliki huwa na maswali mawili: je, mwisho wa mwaka mtoto atakuwa anasoma vizuri, na je, atapokea Komunyo ya Kwanza, yaani mkate mtakatifu wa Misa kwa mara ya kwanza? Katika miaka yangu ya kufundisha darasa hili nimeyasikia maswali hayo yakiulizwa kana kwamba yanahusu mambo mawili yaliyo mbali, moja la ubaoni na jingine la kanisani. Uzoefu umenionyesha vingine. Mtoto wa miaka saba au minane yuko katika kipindi ambacho anaanza kuweza kurudi nyuma, kulitazama jambo alilolifanya na kusema kwa ukweli ni jambo la namna gani, na uwezo huo mmoja ndio unaomwezesha kusahihisha hesabu yake, kurudia sentensi iliyomtatiza, kumwomba radhi mwenzake na kupiga magoti mbele ya padre ili aungame.

Kanisa lenyewe limeutambua umri huu kwa muda mrefu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliagiza kwamba kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua mambo aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi, yaani Komunyo, wakati wa Pasaka. Umri huo haukutajwa kwa hesabu ya miaka, na baadaye mahali pengi watoto wakacheleweshwa hadi miaka kumi, kumi na miwili au hata kumi na minne ndipo wapokee Komunyo. Papa Pius X aliukomesha ucheleweshaji huo kwa hati ya Agosti 1910, akieleza kwamba umri wa kupambanua ni karibu na mwaka wa saba, na kwamba mtoto hahitaji elimu kamili ya dini bali aweze, kadiri ya uwezo wake, kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria ya Kanisa ya leo inamchukulia mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa na matumizi ya akili. Ndiyo sababu darasa la pili, mahali pengi duniani, limekuwa darasa la kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, na la Komunyo ya Kwanza.

Wanasaikolojia nao, kwa njia yao, wameliona jambo lililo karibu na hilo. Jean Piaget wa Uswisi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari za mtoto aliyevunja vikombe kumi na vitano bila kukusudia, na mwingine aliyevunja kikombe kimoja alipokuwa akichukua kwa siri kitu alichokatazwa. Watoto wadogo walielekea kusema kwamba wa kwanza ana kosa kubwa zaidi, kwa kuwa vikombe vilivyovunjika ni vingi, ilhali wakubwa walianza kuitazama nia. Kila mwanzo wa mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari inayofanana na hiyo, kisha nanyamaza na kuwasikiliza. Daima darasa hugawanyika, na mjadala unaofuata ndio somo langu la kwanza la dhamiri, hata kabla sijalitaja neno dhambi.

Katika kusoma, badiliko hilo huonekana wazi. Mwaka uliotangulia mtoto ametumia nguvu zake zote kuzitambua herufi na kuziunganisha silabi, na akifika mwisho wa sentensi amechoka kiasi kwamba hana habari ya kilichosemwa. Darasa la pili ndipo kusoma kunapogeuka kuwa kuelewa. Tunaposoma mfano wa kondoo aliyepotea katika Luka 15, yuko mtoto atakayesoma “kondoo aliyepokea” na kuendelea bila kusita, na yuko atakayesimama, akunje uso, arudi nyuma na kusema, “Mwalimu, hapana, haiingii akilini.” Huyo wa pili simsahihishi, kwa sababu amejisahihisha mwenyewe, na kusimama kwake kunanifurahisha kuliko kasi ya wale wanaosoma mbio. Nimejizuia kuingilia haraka mtoto anapokosea, nikimpa muda wa kulisikia kosa lake kwa masikio yake, kwa kuwa kosa analoonyeshwa kila mara na mtu mwingine hatazoea kulitafuta.

Kuandika ni vivyo hivyo. Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni, nafasi kati ya maneno: hayo yote hujifunzwa kwa kurudia kazi iliyokwisha kuandikwa, jambo ambalo watoto wa umri huu hulichukia sana mwanzoni.

Katika hisabati tunashughulika na makumi na mamoja, kujumlisha kwa kubeba na kutoa kwa kukopa. Mfano ninaoupenda ni 52 kutoa 27. Watoto wengi huandika 35, kwa sababu kwenye mamoja wameona 2 na 7, wakatoa namba ndogo katika namba kubwa bila kujali ipi iko juu. Jibu hilo lina mantiki yake, na mwalimu anayeweka alama ya kosa na kupita hajamsaidia mtoto. Namwambia achukue jibu lake alijumlishe na 27. Akipata 62 badala ya 52 anajua mwenyewe kwamba kuna mahali alipopotea, na kazi yetu inakuwa kupatafuta mahali hapo pamoja. Tukipata 25 na kujumlisha tena, 52 inarudi. Mtoto aliyezoea kufanya hivyo haogopi kukosea, kwa sababu anajua kuna njia ya kurudi.

Kwa kuwa shule yetu huishi kwa kalenda ya Kanisa, namba nyingi tunazozihesabu zinatoka humo. Rozari inafundisha kuhesabu kwa makumi: makumi matano ni hamsini, pamoja na Salamu Maria tatu za mwanzo ni 53. Kwaresima ina swali ambalo kila mwaka mtoto mmoja huligundua bila kuchokozwa: kwa nini tunasema siku arobaini, wakati kalenda ukutani, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, inaonyesha siku 46? Tunazihesabu Jumapili zilizomo, tunapata sita, na tunakumbuka kwamba kila Jumapili ni sikukuu ya Ufufuko, kwa hiyo haihesabiwi katika siku za kufunga. 46 kutoa 6 ni 40. Nimeona watoto wakilishangilia jibu hilo kama ugunduzi, na kwao ni ugunduzi kweli.

Sayansi ya darasa la pili ni mbegu na mimea, wanyama na makazi yao, maji yanayoganda na kuyeyuka. Ningepita haraka hapa, ila ni katika somo la barafu nilipoulizwa swali gumu kuliko yote. Tulikuwa tumekubaliana kwamba barafu, ingawa imebadilika sura na ugumu, bado ni maji. Msichana mmoja mkimya akauliza kama mkate wa altareni nao ni hivyo. Nilimjibu kwamba ni kinyume chake: barafu imebadilika kwa nje na kubaki maji yaleyale, lakini katika Ekaristi kila kinachoonekana na kuonjwa kinabaki kama kilivyokuwa, na kile kitu chenyewe ndicho kilichogeuka kuwa Mwili wa Kristo. Mtaguso wa Trento ulilifundisha fumbo hilo mwaka 1551 kwa maneno ya kitaalamu ambayo mtoto hayahitaji. Anachohitaji ni kujua kwamba swali lake ni la busara, na kwamba mwalimu hatamjibu kwa kumtuliza tu.

Maandalizi ya kitubio huchukua sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote, kwa kuwa ikifundishwa vibaya jeraha lake hudumu. Nimekutana na watu wazima wengi walioacha kuungama kwa sababu walipokuwa wadogo waliingizwa kwenye kiti cha maungamo na hofu. Kwa hiyo sianzi na orodha ya dhambi. Naanza na baba wa mwana mpotevu katika Luka 15, aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali, akamkimbilia kabla kijana hajamaliza maneno aliyoyaandaa. Watoto hutambua upesi kwamba kijana alikuwa amepanga hotuba yake yote na baba akamkatiza. Tunakaa na habari hiyo kwa siku kadhaa, tunaiigiza, tunamzungumzia pia yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia ndani, kwa maana katika kila darasa wapo watoto watiifu wanaojiona ndani yake, na wao pia wana jambo la kuungama.

Baada ya hapo ndipo tunapambanua. Ukimwaga maji kwa bahati mbaya, hiyo ni ajali. Ukitamani kuchukua kalamu ya mwenzako na usiichukue, hicho ni kishawishi, na kukishinda ni ushindi. Ukiota ndoto kwamba umempiga mtu, hujafanya lolote. Ukijua kwamba jambo ni baya, na ukaamua kulitenda, hapo pana dhambi. Mgawanyo huu unaonekana mwepesi, lakini wapo watoto wanaojilaumu kwa kila kitu, hata kwa ugomvi wa watu wazima nyumbani, na kwao ni faraja kubwa kuambiwa na mtu wanayemwamini kwamba jambo fulani si kosa lao. Nasikitika pale dhamiri inapofundishwa kama njia ya kuongeza makosa tu, kwa sababu kazi yake ni kusema kweli, na mara nyingine kweli ni kwamba mtoto hana hatia.

Hatua tunazojifunza ni zile zinazofahamika: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama na kutimiza malipizi. Sala ya Kutubu tunaikariri, lakini naikariri pamoja nao neno kwa neno, tukisimama penye maneno magumu, kwa maana mtoto anaweza kuitamka yote bila kosa na asijue amesema nini. Kuhusu malipizi, yaani kurekebisha ulichoharibu, Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, anatusaidia. Hakuishia kusikitika, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Watoto hupenda hesabu hiyo, nami napata nafasi ya kuwaambia kwamba aliyechukua rula ya mwenzake anairudisha, na aliyemsema mtu uongo anakwenda kwa wale waliousikia na kuwaambia ukweli.

Maswali yao ni yaleyale mwaka hadi mwaka. “Kama Mungu anajua tayari, kwa nini nimwambie padre?” Nawaeleza kwamba Yesu Mfufuka aliwapa mitume uwezo wa kuondolea dhambi, katika Yohana 20, na kwamba mwanadamu anahitaji kusikia kwa masikio yake kwamba amesamehewa. “Nikisahau dhambi nyingine?” Aliyeungama kwa moyo mnyofu na kusahau bila kukusudia amesamehewa, na akiikumbuka dhambi nzito aliyoisahau ataitaja wakati mwingine. “Padre atamwambia mama?” Hili ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Jibu langu halina masharti: padre hawezi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu yoyote ile, na akivunja moja kwa moja siri hiyo sheria ya Kanisa inamtenga na ushirika wake papo hapo. Nikishasema hivyo, nyuso nyingi hulegea.

Huongeza jambo moja ambalo naliona ni wajibu wa kila mwalimu. Siri ya maungamo inamfunga padre na haimfungi mtoto, na mtu mzima yeyote, awe nani, akimfanyia mtoto jambo linalomtisha au kumwumiza na kumwamuru anyamaze, mtoto huyo yuko huru kabisa kulisema. Nalisema hilo waziwazi, na nalirudia, ili mtoto asichanganye utakatifu wa siri moja na ubaya wa nyingine.

Ugomvi wa darasani ni uwanja wa mazoezi wa hayo yote. Wawili wakigombana, kila mmoja anaruhusiwa kusema yale tu aliyoyafanya yeye. “Nilimsukuma kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kwenye mstari.” Ni sentensi ngumu mno kwa mtoto wa miaka saba, na mara nyingi hutanguliwa na “lakini yeye…” kadhaa. Aliyekosewa simlazimishi kusema amesamehe hapohapo. Nimeona msamaha wa kulazimishwa ukizaa kinyongo, na nimeona mtoto aliyepewa muda akirudi mwenyewe baada ya mapumziko na kumshika mwenzake mkono.

Maandalizi ya Komunyo ni mepesi zaidi kwa kuwa yana furaha ndani yake. Tunaifuata Misa hatua kwa hatua, tunajifunza majina ya vitu: altare, tabernakulo inamohifadhiwa Ekaristi, kalisi ya divai, patena ya mkate. Tunasoma habari ya kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili katika Yohana 6, na watoto wanapenda kwamba muujiza ulianzia kwa aliye karibu na umri wao. Wanajifunza kufunga saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa. Wanafanya mazoezi kwa hostia, vile vipande vyembamba vya mkate wa Misa, ambazo hazijageuzwa, na naridhika kwamba hufanyika hivyo, kwani mtoto anayewaza ladha na mahali pa kuweka mikono hana nafasi ya kusali. Wanauliza kama Yesu huumia wakimtafuna. Hapana: Kristo aliyefufuka hafi tena wala haumizwi, na yuko mzima katika kila kipande.

Jambo moja nalishikilia kwa nguvu, hata mbele ya wazazi wasiokubaliana nami: maendeleo ya masomo yasiwe kipimo cha kumruhusu mtoto kupokea. Sheria inataka maarifa ya kutosha na maandalizi ya makini, kadiri ya uwezo wa mtoto, ili aupokee Mwili wa Bwana kwa imani na ibada. Nimemfundisha mvulana ambaye kusoma kulimlemea mwaka mzima, asiyeweza kumaliza ukurasa bila msaada, na ambaye alipoulizwa na padre hostia ni nini baada ya mageuzo alijibu kwa neno moja, “Yesu,” akitazama chini. Hakuhitaji kuulizwa zaidi. Katika Makanisa Katoliki ya Mashariki hata mtoto mchanga aliyebatizwa hupewa Ekaristi, na hilo latosha kutukumbusha kwamba zawadi hii hailipwi kwa ufaulu.

Si wote darasani ni Wakatoliki. Wapo wa madhehebu mengine na wa dini nyingine, ambao wazazi wao wameichagua shule kwa malezi yake. Hao husoma habari zilezile, hujifunza kusema ukweli na kuomba msamaha, lakini hawaingii katika maandalizi ya sakramenti. Siku za maandalizi mtoto hujiona yuko nje, na kumwambia kwamba hakuna tofauti ni kumdanganya. Namweleza kwa upole kwamba Komunyo ni tendo la imani ya Kanisa na umoja nalo, kwamba familia yake ina imani yake ambayo tunaiheshimu, kisha nampa kazi halisi: kusoma sala ya kuwaombea wenzake, kupamba ukuta wa darasa, kuandika kadi. Watoto hupokea ukweli unaosemwa kwa heshima vizuri kuliko tunavyodhani.

Watakatifu wa rika lao huwavutia mno. Francisco na Jacinta wa Fatima, nchini Ureno, walikuwa na miaka minane na saba walipoanza kutokewa na Bikira Maria mwaka 1917, nao walitangazwa watakatifu mwaka 2017. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alipokea Komunyo ya Kwanza akiwa na miaka saba, na alipenda kompyuta. Habari hiyo ya mwisho ndiyo wanayokwenda kuisimulia nyumbani.

Wazazi ndio walezi wa kwanza wa imani, na Kanisa linawataja wao kabla ya paroko, padre msimamizi wa parokia, na kabla yangu. Katika mkutano nao naomba mambo mawili. La kwanza, wasimwulize mtoto ameungama nini, hata kwa mzaha, wala wasimtishie kwamba atamweleza padre kosa fulani, maana kitubio hakikuwekwa kiwe fimbo. La pili, waungame na wao. Mtoto anayemwona baba yake amesimama kwenye mstari uleule hahitaji maelezo yangu mengi. Mavazi na sherehe wanavipanga wenyewe, na mimi huwakumbusha tu kwamba vazi jeupe ni kumbukumbu ya Ubatizo, kwa hiyo lisiwe sababu ya mashindano.

Baada ya Komunyo ya Kwanza shule nyingi huona kazi imekwisha, na hapo natofautiana nazo. Kitubio cha kwanza mtoto hukifanya akiwa na karatasi yake ya kumkumbusha, akizungukwa na wenzake, akisindikizwa na kila mtu. Cha pili ndicho kinachoonyesha kama amejifunza. Kwa hiyo kabla mwaka haujafungwa naomba padre arudi, na hakuna anayelazimishwa kwenda. Watoto hukaa kimya, kila mmoja akipitia siku zake kichwani, kama walivyozoea kuipitia hesabu kabla ya kuikabidhi, kisha mmoja husimama, na baada yake mwingine.